Kutoka Algiers hadi Accra: Wasichana Wetu na Ngazi ya Tenisi

Mhariri aliponiomba niandike historia ya michezo kwa toleo hili la Jamhuri, najua alitarajia riadha. Na kweli riadha ina utamu wake kwetu sisi wa Sydney. Wazee waliokuwa hapa mwaka 2000 hawajachoka kusimulia walivyopeperusha bendera kule Homebush usiku ambao Noah Ngeny alimpita Hicham El Guerrouj katika mita 1,500, au Reuben Kosgei alivyotwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji, au Joyce Chepchumba alivyoingia uwanjani wa tatu katika marathoni. Mwenye kuyataka hayo aketi karibu na mzee yeyote kwenye nyama choma leo, atayapata bila kuuliza.

Mimi nimeshikwa na jambo jingine. Mwaka jana, katika sherehe kama hii, mama mmoja wa hapa kwetu aliniita kando sahani ikiwa mkononi. Binti yake ana miaka 14. Anacheza tenisi tangu alipokuwa mdogo, na kocha amesema kwamba akiendelea hivi anaweza kuwa mchezaji wa kulipwa.

"Wa kulipwa na nani, mwalimu?" akaniuliza. "Serena namjua alilipwa. Mimi nauliza huyu wangu. Akiwa si Serena, akiwa tu mzuri, atakula nini?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia nitatafuta. Niliyoyapata ndiyo haya, na itanibidi nianze mbali kidogo.

Tenisi ililetwa kwetu na Waingereza, ikafungiwa ndani ya ua. Nairobi Club ilianzishwa mwaka 1901 kwa ajili ya Wazungu. Wahindi walipokataliwa kule wakajenga vilabu vyao wenyewe, na baadhi vipo mpaka leo. Mwafrika aliingia uwanja wa tenisi kwa kazi: kuokota mipira, kufagia, kukaza wavu. Wachezaji wetu wengi wa kwanza walijifunza hivyo, wakitazama bwana anavyopiga, kisha jioni wakijaribu wenyewe kwa raketi iliyokatika nyuzi. Kwa msichana hata mlango huo wa nyuma ulikuwa mwembamba, kwa kuwa hakuna aliyemwita msichana kuokota mipira.

Basi fikiria mwaka 1978. Uhuru una miaka 15 tu. Kenya inapeleka timu Algiers kwenye Michezo ya Afrika, mwezi wa Julai, na wanawake wawili, Jane Davies-Doxzon na Susan Wakhungu, wanarudi na medali ya dhahabu ya wachezaji wawili wawili. Mabingwa wa Afrika nzima! Niliwauliza watu kumi wa rika langu hapa Sydney kama wanakumbuka. Mmoja tu alikumbuka, na yeye alidhani ilikuwa badminton. Nadhani sababu ni kwamba Mzee Jomo Kenyatta alifariki Agosti 22 mwaka huohuo, na msiba ule ulimeza kila kitu kilichotokea kabla yake. Lakini sababu ya pili ni kwamba baada ya dhahabu ile hakukuwa na habari nyingine ya kuikumbusha. Hawakuonekana Wimbledon wala katika magazeti ya dunia.

Susan Wakhungu alikwenda kusoma Marekani, akacheza tenisi katika Chuo Kikuu cha Vermont. Baadaye alijijengea jina katika uongozi wa makampuni, kisha akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu Nairobi. Sisemi alipotea njia, hata kidogo. Nasema tu kwamba raketi yake ilimfikisha kwenye shahada, na hapo ndipo ilipokuwa na uwezo wa kumfikisha Mkenya wa wakati ule.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi tutazame tenisi ya kulipwa ya wanawake yenyewe ilikuwa na umri gani. Hapa ndipo Sydney inapoingia.

Mpaka mwaka 1968 mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Mtu angeweza kushinda Wimbledon akaondoka na kikombe na vocha. Milango ilipofunguliwa kwa wa kulipwa, fedha zilikwenda kwa wanaume. Katika shindano moja la Los Angeles la mwaka 1970, bingwa wa kiume alitengewa dola 12,500 na bingwa wa kike dola 1,500. Wanawake tisa wakakataa. Septemba 23, mwaka huo, walikutana Houston, Texas, kila mmoja akatia saini mkataba wa dola moja na mwenye jarida la tenisi, Gladys Heldman, wakacheza shindano lao wenyewe. Billie Jean King ndiye anayetajwa kila mara. Wasiotajwa sana ni Waaustralia wawili waliokuwa miongoni mwa wale tisa: Judy Dalton wa Melbourne na Kerry Melville, mzaliwa wa Mosman, ng'ambo ya daraja hapa. Chama cha tenisi cha nchi yao kiliwafungia kwa kosa hilo. Melville alikuja kuwa bingwa wa Australia mwaka 1977, lakini ninapopita Mosman simkumbuki kwa kikombe kile. Namkumbuka kwa dola moja.

Chama cha wachezaji wanawake kilizaliwa mwaka 1973, na orodha ya kompyuta ya kuwapanga kwa ubora ikaanza 1975. Kwa hiyo mabingwa wetu wa Algiers walishinda wakati ngazi yenyewe ilikuwa na miaka mitatu, na imeegemezwa kwenye ukuta wa Marekani na Ulaya.

Sasa ngazi hiyo inapandwaje? Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui, kwa sababu televisheni hutuonyesha kilele tu. Huwezi kuomba kuingia Melbourne Park kwa kuwa una kipaji. Unahitaji pointi. Pointi zinapatikana katika mashindano madogo ya Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, na mashindano hayo yapo Monastir kule Tunisia, karibu kila wiki ya mwaka, yapo Antalya, yapo Sharm el Sheikh. Hapa Australia yamekuwa yakichezwa miji kama Burnie, Bendigo, Cairns na Playford, mahali ambapo watazamaji ni wazazi, mbwa mmoja na mzee aliyekuja kupumzika kwenye kivuli. Daraja la chini kabisa huwa na zawadi ya dola za Marekani 15,000. Mtu akisikia hivyo husema, si haba. Lakini hizo ni za shindano zima: wachezaji 32 wa mmoja mmoja, na wa wawili wawili juu yake. Bingwa huondoka na dola 2,300 na ushei kabla ya kodi. Anayetolewa duru ya kwanza hapati hata dola 200, na tikiti ya ndege, chumba, chakula na kufungwa nyuzi za raketi vyote ni vyake.

Shirikisho hilo lilifanya hesabu za mwaka 2013 na kuzitoa. Gharama za mwanamke mmoja kwa mwaka, bila kumlipa kocha, zilikuwa dola zaidi ya 40,000. Mahali ambapo mapato yanalingana na matumizi, kwa wanawake, palikuwa nafasi ya 253 duniani. Kwa wanaume ilikuwa 336. Yaani mwanamke wa 254 katika dunia nzima, mtu ambaye angemfunga kila mchezaji unayemjua wewe na mimi bila kutoka jasho, alikuwa akifanya kazi kwa hasara.

Hawa ndio ninaotaka tuwatambue leo: wanawake wa nafasi ya 300, ya 450, ya 600. Wanacheza miaka sita au kumi, wanastaafu wakiwa na miaka 27 bila gazeti kusema lolote, na wanarudi nyumbani kuwafundisha watoto. Makocha wa Jumamosi wa watoto wetu hapa Sydney, wengine wao ni hao. Muulize siku moja. Mimi nilimuuliza mmoja, akacheka, akasema aliona viwanja vya ndege vingi kuliko miji.

Katika bahari yetu ya Hindi kuna mmoja aliyeipanda ngazi hiyo mpaka karibu na juu, nami namwona kama wa kwetu. Dally Randriantefy wa Antananarivo, Madagaska, alicheza Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 akiwa na miaka 15. Alifika nafasi yake ya juu kabisa, ya 44, mwaka 2005. Hesabu mwenyewe: miaka 13. Mwaka uliofuata akastaafu. Watu husema alichelewa, lakini kwangu mimi ajabu ni kwamba alipata mtu wa kumshikilia miaka yote hiyo kumi na mitatu.

Maana swali ndilo hilo, nani anamshikilia. Na jibu moja zuri kabisa lilitolewa hapahapa New South Wales, katika mji mdogo wa Barellan. Evonne Goolagong, binti wa Kiwiradjuri na mkata manyoya ya kondoo, mmoja wa watoto wanane, alikuwa akichungulia viwanja vya tenisi vya mji mpaka jirani mmoja akamwambia aingie acheze. Kocha Vic Edwards alipotaka aje Sydney, watu wa Barellan walichanga fedha za safari na nguo. Sisi tungeiita harambee. Akaishi kwa Edwards, akasoma Willoughby Girls, na mwaka 1971 akashinda Wimbledon. Siifichi sehemu chungu ya habari hii: alichukuliwa mtoto kutoka kwa watu wake, na mwenyewe amewahi kueleza ugumu wa uhusiano wake na kocha huyo. Lakini mchango wa Barellan ni kweli tupu.

Na sasa Angela Okutoyi. Yeye na pacha wake Roselida Asumwa walizaliwa Januari 2004, na mama yao akafariki kwa uzazi. Walilelewa na nyanya yao, aliyefanya usafi katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, na familia ikaishi kwenye nyumba za wafanyakazi humohumo. Shule ina viwanja vya tenisi. Angalia jinsi historia inavyojirudia: Mwafrika bado anaingia uwanjani kupitia mlango wa kazi, ila safari hii mlango ulipitiwa na wasichana.

Januari 2022 alikuja Melbourne kwa mashindano ya chipukizi ya Australian Open. Alimfunga Mwitaliano kwa seti tatu, akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi katika mashindano makuu ya chipukizi wasichana. Kisha akamfunga Mwaustralia, na hapo nakiri kwamba kazini siku iliyofuata nilitembea kama mwenye nyumba. Jumamosi ya Januari 29, Ash Barty alishinda taji la wanawake, na Evonne Goolagong akatokea kumkabidhi kikombe. Siku hiyohiyo Angela alitimiza miaka 18. Sidhani yupo aliyepanga hivyo, lakini sisi wa Sydney tuna haki ya kufurahia sadfa zetu.

Julai mwaka huo, Wimbledon, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walishinda taji la wasichana wawili wawili: 3-6, 6-4, 11-9. Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Wimbledon la aina yoyote. Picha yake ilizunguka kwenye simu zetu wiki nzima.

Nawaomba mtazame upande wa pili wa wavu. Waliofungwa walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko ni mtoto wa wazazi waliohama kutoka Kongo. Walifika ugenini kama tulivyofika sisi, wakafanya kazi kama tunazofanya, wakawapeleka watoto wao viwanjani alfajiri. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, binti yule alimfunga Naomi Osaka katika fainali ya Montreal na kutwaa moja ya mataji makubwa kabisa ya dunia chini ya yale makuu manne. Siku ya Wimbledon tofauti kati yake na Angela ilikuwa pointi mbili, na zilikuwa za Angela.

Simpunguzii Mboko hata chembe. Lakini yeye alikuwa na mashindano karibu na nyumbani, makocha wa shirikisho lenye mali, na pasipoti isiyosimamishwa kwenye kila dirisha. Angela alipokuwa chipukizi aligharimiwa safari na mfuko wa maendeleo wa mashindano makuu manne. Akaelekea Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. (Si Auburn yetu hii ya karibu na Lidcombe, kama alivyodhani jirani yangu aliyetaka kumpelekea ugali.) Yaani alipita mlango uleule aliopita Susan Wakhungu miaka zaidi ya arubaini kabla yake: masomo Marekani, kwa sababu huko raketi inalipa ada.

Machi 2024, Accra, Ghana, Angela alishinda dhahabu ya wanawake ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika. Dhahabu ya tenisi ilikuwa haijarudi Kenya tangu Algiers. Miaka 46. Ushindi ule ulikuwa na tikiti ya Olimpiki ya Paris ndani yake, kwa sharti moja: bingwa wa Afrika awe ndani ya 400 bora duniani orodha itakapofungwa mwezi Juni. Hakuwa ndani. Nafasi ile akaikosa, dhahabu ikiwa shingoni.

Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini. Kutoka Machi mpaka Juni ni wiki kumi na kitu. Kupanda mpaka huko kwa muda huo kunahitaji Monastir, kisha Monastir tena, kisha Uturuki, kila wiki, ushinde na usiumie. Sikuwa nimewahi kuona hesabu ya tenisi ikiwa wazi hivyo: tulikuwa na bora wa bara zima, tukakosa nauli ya kwenda kuwa wa 400.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wengine wasilipende katika siku ya furaha. Chama chetu ni hodari wa kuchanga. Mwenzetu akifiwa, kabla ya jua kuzama fedha za kusafirisha mwili zimepatikana, na sina neno baya juu ya hilo, nami nimechangiwa. Mtoto akiweka rekodi tunampigia makofi, tunapiga naye picha. Lakini katika miaka yangu hapa sijawahi kuona bahasha ikizungushwa kwa ajili ya mtu aliye katikati ya ngazi, ambaye hajafa na hajashinda. Watu wa Barellan walizungusha. Walimchangia mtoto ambaye hakuwa bingwa wa kitu chochote nje ya wilaya yao.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu yule mama. Nikamwambia jibu lake nimelipata, nikamsomea: nafasi ya 253, dola 40,000 kwa mwaka. Nikamweleza kuhusu vyuo vya Marekani, kwamba kwa wengi huo ndio mlango ulio wazi, na kwamba binti akiupitia hatakuwa ameshindwa. Nikamweleza kuhusu Dally na miaka yake 13. Alinyamaza kwa muda, nikasikia sufuria jikoni kwake.

"Hizo elfu arubaini," akasema, "ni kabla ya kumlipa kocha?"

"Kabla, mama."

"Na mashindano haya ya Bendigo na Playford, mtu anaweza kwenda kwa gari?"

Nikamwambia anaweza. Bendigo ni mwendo wa mchana mzima, Playford ni zaidi ya siku moja.

"Basi mwambie mwenyekiti aniwekee dakika tano kwenye mkutano wa Februari. Na wewe, mwalimu, uje na hayo makaratasi yako."